Thornfield Hall: nyumba ya kutisha isiyo na mzimu (uzi maalumu kwa wasomaji wa Jane Eyre)

Mleta uzi

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Kila riwaya ya Jane Eyre inapotajwa humu, mazungumzo huelekea upesi kwenye mapenzi ya Jane na Bwana Rochester, mwajiri wake, na mara nyingi huishia kwenye mabishano ya kama Rochester alistahili kusamehewa. Leo naomba tuizungumze nyumba yenyewe, Thornfield Hall. Charlotte Brontë, aliyeichapisha riwaya hiyo London mwezi Oktoba 1847 kwa jina la bandia la Currer Bell, aliipanga nyumba hiyo chumba kwa chumba, na naamini kwamba msomaji anayepita humo akiwafuata wapenzi wawili tu huikosa habari nzito kuliko ya mapenzi yao.

Hoja yangu ni kwamba nyumba hii inatisha bila kuwa na mzimu hata mmoja. Kinachotisha ndani yake ni mpango wa kawaida kabisa wa kazi na mishahara: kuna mtu amefungiwa juu, kuna mwanamke anayelipwa kumlinda, kuna tabibu anayeitwa usiku wa manane na kuondoka kabla nyumba haijaamka, na kuna watumishi wanaojua kiasi cha kuwatosha ili wasiulize zaidi.

Tuanzie chini. Jane anafika pale akiwa na umri wa miaka 18, baada ya kutangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya ualimu wa nyumbani. Mshahara wake ni pauni 30 kwa mwaka, mara mbili ya zile 15 alizokuwa akipata shuleni Lowood. Anapokewa na Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba, mjane mpole ambaye Jane anamdhania mwanzoni kuwa ndiye mwenye mali. Asubuhi yake anatoka nje kuitazama nyumba: jengo la orofa tatu, kubwa lakini si la kupita kiasi, makazi ya mwungwana mwenye mashamba wala si kasri la lodi, ingawa paa lake limezungushiwa ukuta wenye mapengo kama ya ngome. Orofa ya chini ina ukumbi, chumba cha kulia chakula, sebule ya wageni na maktaba ambamo Jane anamfundishia mtoto Adèle. Vyumba hivyo vinawekwa tayari siku zote ijapokuwa mwenyewe hayupo, kwa sababu Rochester huja ghafla na hapendi kukuta watu wanahangaika kukunjua vifuniko vya viti. Orofa ya kati ni ya vyumba vya kulala. Hadi hapo hakuna jambo la ajabu.

Katika sura ya 11, Bi Fairfax anampandisha Jane hadi orofa ya juu, na hapo ndipo napenda tusimame kidogo. Vyumba vya huko ni vya giza na dari zake ni za chini. Kila mtindo wa fanicha ulipopitwa na wakati huko chini, vitu vya zamani vilipandishwa huku: vitanda vya miaka mia moja, makasha ya mwaloni, viti vyembamba vya migongo mirefu, vigoda vyenye matarizi yaliyofifia ambayo walioyashona walikwisha kuoza makaburini vizazi viwili nyuma. Kwa maneno mengine, orofa ya juu ndipo nyumba hii inapoweka kila ambacho haikitaki tena lakini haiwezi kukitupa. Brontë anatuonyesha hayo sura 15 kabla hatujajua kwamba miongoni mwa vilivyowekwa huko yumo mke wa mwenye nyumba.

Jane anauliza kama watumishi hulala huko. Bi Fairfax anajibu kwamba hapana, wao wana vyumba upande wa nyuma, na kwamba kama Thornfield ingekuwa na mzimu basi huko ndiko ungekaa. Jane anauliza kama hawana mzimu kweli. Bi Fairfax anasema hajapata kusikia habari ya mzimu wowote. Wanapanda ngazi hadi kwenye paa, wanatazama mashamba na kanisa na vilima, kisha wanashuka, na wakati Bi Fairfax amebaki nyuma akifunga mlango wa paani, Jane anasimama peke yake kwenye ujia mwembamba wenye safu mbili za milango midogo myeusi iliyofungwa yote. Ndipo anapokisikia kicheko.

Angalieni kinachofuata. Katika riwaya nyingi za aina hii zilizoandikwa kabla ya 1847, kicheko kama hicho kingefuatwa na upepo unaozima mshumaa. Hapa Bi Fairfax anaita jina la mtumishi, mlango unafunguliwa, anatoka mwanamke mnene mwenye nywele nyekundu na sura ya kawaida mno, naye anaambiwa kwamba kelele zimezidi na kwamba akumbuke maagizo. Grace Poole anainama kwa adabu, anarudi ndani. Hofu yote ya ujia ule imegeuzwa kuwa suala la nidhamu ya kazi. Mimi huo ndio ukurasa unaonitisha kuliko hata ule wa moto kitandani mwa Rochester.

Ushahidi wa pili uko sura ya 17. Rochester ameandika kwamba anakuja na wageni, nyumba nzima inasuguliwa, na akina mama watatu vibarua wameletwa kusaidia usafi. Grace anashuka siku hiyo, anampa kibarua mmoja neno la busara kuhusu namna ya kung'arisha chuma cha mekoni au kutoa madoa ukutani, kisha anarudi juu na chupa yake ya bia nyeusi. Jane anawasikia kibarua na mtumishi Leah wakizungumza. Leah anasema yeye halalamikii mshahara wake, lakini haufiki hata moja ya tano ya ule wa Grace, na kwamba Grace huenda benki mjini Millcote kila robo mwaka kuweka akiba. Leah anaongeza kwamba si kila mtu angeweza kazi ile, hata kwa fedha zote hizo, na kibarua anakubali. Kibarua anaanza kusema jambo kuhusu bwana mkubwa, lakini Leah anageuka, anamwona Jane, anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Kibarua ananong'ona: kwani huyu hajui? Leah anatikisa kichwa.

Basi. Siri ya Thornfield inajulikana hata kwa kibarua wa siku chache. Asiyeijua ni mmoja tu, yule anayekaribia kuolewa humo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa uzi, mkuu. Swali dogo tu: nyumba hii ilikuwepo kweli? Nimewahi kusikia kwamba kuna jengo Uingereza ambalo watalii huonyeshwa kuwa ndilo Thornfield.

Mleta uzi

Yapo zaidi ya moja, ndugu yangu, na kila moja lina watetezi wake. North Lees Hall, karibu na kijiji cha Hathersage huko Derbyshire, lina mnara wenye ukuta wa mapengo, na Charlotte alikaa Hathersage mwaka 1845 kwa rafiki yake Ellen Nussey. Ukoo wa Eyre ulikuwa maarufu katika eneo hilo, kwa hiyo hata jina la mhusika huenda lilitoka huko. Rydings, nyumba ya Birstall alikokulia huyo Ellen, nayo hutajwa. Lakini lenye hadithi nzuri zaidi ni Norton Conyers, karibu na Ripon. Charlotte alifika pale mwaka 1839 alipokuwa mwalimu wa nyumbani wa familia ya Sidgwick, na kulikuwa na simulizi ya mwanamke mwenye maradhi ya akili aliyefungiwa darini. Mwaka 2004 ikagunduliwa ngazi iliyozibwa nyuma ya mbao za ukuta, inayopanda kutoka orofa ya vyumba hadi darini.

Mimi binafsi sioni haja ya kuchagua moja. Mwandishi alichukua mnara hapa, kunguru pale, ngazi kule. Jambo ambalo hakulikuta katika jengo lolote ni mpangilio wa nani anajua nini.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa makini na naona umemwonea Rochester. Tukumbuke sheria ya wakati ule. Kabla ya 1857, Mwingereza aliyetaka talaka ya kumruhusu kuoa tena alihitaji sheria mahsusi ya Bunge kwa ajili yake peke yake, na hata baada ya hapo wazimu wa mwenzi haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka hadi sheria ya mwaka 1937. Mtu huyu aliozwa ugenini kwa hila za baba yake, akakuta mke ana maradhi ambayo familia ya mke iliyaficha, na sheria ikamfungia mlango. Tena hospitali za vichaa za wakati ule zilikuwa mahali pa minyororo na viboko. Yeye alimweka nyumbani kwake, akamwajiria mlinzi mzoefu, akamlipa vizuri. Wewe ungefanya nini?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, na kuhusu sheria uko sahihi. Hata ndani ya kitabu Rochester mwenyewe anasema kwamba madaktari walipokwisha kuthibitisha kuwa mkewe ni mgonjwa wa akili, njia ya kisheria ya kujinasua ikawa imefungwa. Wala simkatalii huruma yote. Katika sura ya 27 anasimulia kwamba alikuwa na nyumba nyingine, Ferndean, iliyojificha zaidi kuliko Thornfield, ambamo angeweza kumhifadhi mkewe bila mtu kujua, lakini dhamiri yake ilikataa kwa sababu nyumba hiyo iko katikati ya msitu, na unyevu wa kuta zake ungemwua mapema. Alikuwa na nafasi ya kumwua bila kumgusa, akaiacha. Brontë hakulazimika kumpa sifa hiyo, lakini alimpa.

Ila tazama chumba alichompa. Siku ndoa yake na Jane inapovunjika kanisani, anawapandisha watu wote hadi orofa ya juu, anasogeza pazia zito la kufumwa linalofunika mlango wa ndani, na nyuma yake kuna chumba kisicho na dirisha. Moto umezingirwa na kizuizi kirefu cha chuma, taa inaning'inia kwa mnyororo kutoka darini. Nyumba ya orofa tatu, yenye vyumba vingi visivyolaliwa na mtu, na mke wa mwenye nyumba amekaa miaka 10 pasipo dirisha. Hilo halikulazimishwa na Bunge la Uingereza. Lililazimishwa na haja ya kuficha.

Na kuhusu waliojua: Rochester anadai aliwaamini watu wawili tu, Grace na tabibu Carter, na kwamba Bi Fairfax labda alishuku lakini hakuwa na uhakika. Baada ya mazungumzo ya Leah na kibarua, dai hilo lina mashaka makubwa. Ni kauli ya bwana anayedhani kwamba ambalo hakulisema yeye halijulikani jikoni.

Mchangiaji wa tatu

Nashukuru kwa mjadala huu wa heshima. Ila naona wote wawili mnamzungumza Bertha, huyo mke aliyefungiwa, kama mzigo, mmoja akiuliza umefichwaje na mwingine akiuliza ungefichwa wapi. Yeye alikuwa nani? Alikuwa Bertha Antoinetta Mason, aliyefungishwa ndoa Spanish Town, Jamaika, miaka 15 kabla ya siku ile ya kanisani, na aliolewa akiwa na pauni 30,000. Kwa wasomaji wa kwetu, ambako mahari hutoka kwa mume, ni vizuri kueleza kwamba huko mali ilisafiri kinyume chake, kutoka kwa mke kwenda kwa mume, na kwa sheria ya wakati ule fedha za mke ziliingia mikononi mwa mumewe.

Baba yake Bertha alikuwa mwenye mashamba na mfanyabiashara katika visiwa vya Karibi. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulipigwa marufuku kwa sheria ya 1833, iliyoanza kutumika Agosti 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Waliolipwa fidia ya pauni milioni 20 ni wamiliki, si watumwa. Kitabu hakisemi waziwazi kwamba fedha za Mason zilitokana na jasho la watumwa, lakini msomaji wa 1847 hakuhitaji kuambiwa. Ndiyo maana Jean Rhys, mwandishi mzaliwa wa Dominika, aliandika riwaya yake ya 1966 ya kumpa mwanamke huyu utoto, jina lake la Antoinette na sauti yake, na akaimalizia katika orofa ileile ya Thornfield.

Swali langu kwa mleta uzi: je, huoni kwamba nyumba yenyewe imejengwa na fedha za huyo aliyefungiwa juu?

Mleta uzi

Dada, umegusa jambo ambalo nilikusudia kulileta baadaye, na nitaongeza kidogo.

Nyumba yenyewe ni ya kale, ilijengwa na mababu wa Rochester, kwa hiyo hazikuwa fedha za Bertha zilizoijenga. Zilifanya kazi nyingine iliyo ya ajabu zaidi. Mzee Rochester hakutaka mali yake igawanywe. Alitaka Thornfield na mashamba yake yote vimwendee mwanawe mkubwa, Rowland. Wakati huohuo hakutaka mwanawe mdogo awe maskini. Suluhisho lilikuwa kumtafutia Edward mke tajiri ng'ambo, ili nyumba ibaki nzima. Kisha Rowland akafa, baba akafa, na Edward, aliyepelekwa Jamaika ili asiiguse Thornfield, akairithi Thornfield yote, akarudi nayo pamoja na mke. Kwa hiyo kila ukuta ambao haukuuzwa na kila ekari ambayo haikugawanywa ilisalimika kwa sababu ya ndoa ya Bertha. Anafungiwa ndani ya kitu kilichohifadhiwa kwa gharama yake.

Jambo jingine ambalo hupitwa haraka: Jane mwenyewe baadaye anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo, John Eyre, aliyekuwa mfanyabiashara wa Madeira. Habari za ndoa iliyokuwa ifungwe zilimfikiaje Richard Mason, kaka yake Bertha, hadi akaja kuizuia? Zilimfikia kwa sababu John Eyre alikuwa mwakilishi wa kampuni ya Mason mjini Funchal. Jane alimwandikia baba yake mdogo kuhusu ndoa, na Mason alikuwa amepumzika Madeira akirejea Jamaika. Fedha za Jane na fedha za Bertha zilipita katika vitabu vya hesabu vinavyopakana. Jane anazigawa mafungu manne, anabaki na 5,000, na kwa fedha hizo anarudi kwa Rochester akiwa mtu anayejitegemea. Sidhani Brontë alikusudia tuuone uhusiano huo kama tunavyouona sisi, lakini ameuandika, na umo.

Mchangiaji wa nne

Mimi naona mnaipa nyumba kazi nyingi kuliko inavyoweza kubeba. Nyumba kubwa za Kiingereza zote zilikuwa na orofa ya juu yenye vitu vya zamani. Na moto wa mwisho unaoiteketeza nyumba, tuseme kweli, ni njia rahisi ya mwandishi kumwondoa mke wa kwanza ili wa pili apate nafasi. Virginia Woolf mwenyewe, katika insha yake ya 1929 kuhusu wanawake na uandishi, alilalamikia ukurasa mmoja wa sura ya 12 ambapo Jane anawaza juu ya haki za wanawake kisha ghafla anakatizwa na kicheko cha Grace Poole. Woolf aliona pale hadithi inakatika vibaya kwa sababu ya hasira ya mwandishi.

Mleta uzi

Kuhusu Woolf, naheshimu jicho lake, lakini pale sikubaliani naye. Jane anawaza hayo akiwa wapi? Akiwa anatembea huku na huku katika ujia wa orofa ya juu, akisema kwamba wanawake wanateseka kwa kizuizi kikali mno sawasawa na vile wanaume wangeteseka. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya mlango na pazia, yuko mwanamke aliyezuiwa kwa maana isiyo na fumbo lolote. Kicheko kinamjibu. Kama hapo hadithi inakatika, basi imekatika mahali pake.

Kuhusu moto, ni kweli kwamba unamfaa mwandishi. Lakini fuata njia yake. Mwenye nyumba ya wageni ya jirani anamsimulia Jane katika sura ya 36 kwamba Grace alikuwa na chupa yake ya siri ya jini, akalala, Bertha akachukua funguo mfukoni mwake. Alianza kwa kuchoma mapazia ya chumba kilicho jirani na chake. Kisha akashuka orofa moja, akaenda moja kwa moja kwenye chumba kilichokuwa cha mwalimu wa nyumbani, akakiwasha kitanda; bahati nzuri hakikuwa na mtu, kwani Jane alikuwa ameondoka miezi miwili kabla. Kisha akapanda paani, akasimama juu ya ule ukuta wa mapengo akipunga mikono na kupiga kelele zilizosikika maili nzima. Mtu anayesemekana hana akili anaijua ramani ya nyumba kuliko mtu yeyote. Na watu waliotakiwa wasimwone kwa miaka 10 wanamwona wote kwa pamoja, akiwa juu ya sehemu ya nyumba iliyojengwa kwa fahari tu, isiyolinda kitu.

Rochester anawatoa watumishi, anarudi kumfuata mkewe paani, anamwita kwa jina, naye anajirusha. Wakati anashuka ngazi kuu, nyumba inamwangukia: jicho moja linatoka, la pili linapoteza uwezo wa kuona, na mkono unapondeka kiasi kwamba unakatwa. Anayeukata ni Carter, tabibu yuleyule aliyekuwa akiitwa usiku.

Na anakwenda kuishi wapi baada ya hapo? Ferndean, maili 30 kutoka Thornfield. Nyumba ileile ya msituni ambayo baba yake alishindwa kuipangisha kwa kukosa mpangaji, kwa sababu ya mahali pake pasipo na afya, na ambayo yeye mwenyewe alisema unyevu wake ungemwua mkewe. Anakaa humo na watumishi wawili, mzee John na mkewe Mary, hadi Jane anapowasili jioni moja ya mvua. Watumishi wengine wametawanyika, Bi Fairfax amepewa malipo ya uzeeni na kwenda kwa jamaa zake, Adèle amepelekwa shule ya bweni, na Grace Poole hatajwi tena. Katika sura ya mwisho, Jane anaandika kwamba ameishi katika ndoa miaka 10, idadi ileile ya miaka ambayo Bertha alikaa orofa ya juu. Kama Brontë aliihesabu kwa makusudi, wenye ushahidi watuletee. Mimi nimeiona tu.